Kiganja cha Mlinzi wa Stesheni
Mlinzi wa stesheni tulimbandika jina Kiganja, maana tangu picha zipigwe marufuku kwenye treni, ukiinua simu tu, mkono wake mpana umeshaziba kamera. "Hapana picha, ndugu yangu!" Viatu vyake havikosi kiwi, na kila treni ikisimama hujitazama kwenye kioo cha behewa. Leo ilikuwa patashika! Tulijaa stesheni nzima kuipinga marufuku hiyo, simu juu, tukiimba "Treni yetu, picha zetu!" hadi mabati yakatetemeka. Kiganja akaziba huku, akaziba kule, jasho linamtiririka. Dada mmoja akapaza sauti: "Kaka, na wewe tukupige picha?" Akasimama. Mkono ukapanda taratibu, ukaiweka kofia sawa. "Haya, fanyeni haraka," akasema. "Na msinikate miguu!"