Mikufu Ndani ya Mirija

Mtaani walimwita Mama Vifungo, na mgeni akisikia jina hilo alidhani anauza vifungo. Hakuwahi kuuza hata kimoja. Alivikata kwenye mashati makuukuu na kuvikusanya kwenye kopo, na vingine alividoea kwa jirani yake mshonaji, mpaka ikawa mshonaji akimwona tu mlangoni anasema, "Leo sina." Kazi yake ilikuwa kwa sonara, na haikuwa kazi ya kufua dhahabu. Yeye alifungasha. Mteja akinunua vito vya kupeleka mbali, au mama wa watu akisafiri na kila alichonacho kwa sababu hamwamini wifi yake, vito hivyo vilipita kwanza mikononi mwa Mama Vifungo.

Alikuwa na namna yake. Mkufu mwembamba ni kitu kikorofi sana. Uweke wenyewe kwenye pamba, na safari ya saa mbili tu inatosha kuupiga fundo la kumliza mtu mzima. Yeye aliupitisha ndani ya mrija wa kunywea soda, ncha ikatokea upande wa pili, akafunga kibanio, na mkufu ukasafiri umenyooka. Hereni alizichomeka kwenye matundu ya kifungo, jozi moja kifungo kimoja, ili moja isipotee ikamwacha mwenzake. Pete alizivisha kwenye utepe wa kitambaa na kuuviringisha. Akimaliza alifunga kisanduku, akakisogeza sikioni na kukitikisa. Kikilia hata kidogo alifungua na kuanza upya. Sonara alimwita daktari wa kifua, na kila mara alicheka utani wake mwenyewe.

Miaka ishirini na sita ilipita bila mteja kurudi na malalamiko. Kisha akarudi mmoja. Alishika hereni mbili zenye umbo la jani, na majani yote mawili yaliinama upande mmoja. Hereni za namna hiyo zina kushoto na kulia, na Mama Vifungo alikuwa amemfungashia mbili za kushoto. Mwanafunzi angeweza kukosea hivyo siku yake ya kwanza. Yeye hangeweza, na sonara alijua hangeweza. Hakumfokea. Alivuta taa ya mezani mpaka karibu na uso wake, akanyoosha mkono, akauliza, "Nimeshika nini?" Mama Vifungo hakujua kama ameshika kitu. "Kapumzike nyumbani, dada," sonara akasema, kwa upole uliomuuma kuliko matusi.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Dawa ya matone ingechelewesha tu, na kilichoondoka hakirudi. Mama Vifungo alishukuru, maana amelelewa kushukuru, akatoka huku akipapasa ukuta wa korido.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, basi. Baba yake aliondoka mtoto hajaota jino, na tusipoteze muda kumzungumzia. Binti alikuwa muuguzi, msichana wa maneno machache na mkono mwepesi wa sindano. Mama alimwambia ameacha kazi kwa ajili ya mgongo. Mgongo ni ugonjwa mzuri wa kusingizia, hauonekani na kila mtu anao. Binti akaleta dawa ya kuchua, na mama akauchua mgongo usiouma, jioni baada ya jioni, nyumba nzima ikanuka zahanati.

Miezi miwili baadaye binti alikuja na habari. Amepata kazi nchi ya mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mkataba wa miaka mitano. Aliisema haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Mama Vifungo akapiga moyo konde. Jambo moja tu lilikuwa kichwani mwake: huyu akijua, haendi. Atabaki hapa kunishika mkono kwenda chooni, na ujana wake utaishia kwenye korido hii yenye giza. Basi asijue mpaka ndege iruke. Baada ya hapo hata akijua atakuwa mbali, na mkataba umemfunga.

Ilibaki miezi minne. Aliitumia kujifunza nyumba yake upya. Hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, tisa hadi jikoni. Maji ya moto aliyamimina kidole kikiwa ndani ya kikombe, na kidole kikaungua mara nyingi mpaka kikazoea. Mbele ya televisheni alicheka binti alipocheka. Simu aliiacha iite mpaka binti aseme, "Mama, shangazi anakupigia." Siku moja binti aliuliza, "Hili gauni linanipendeza?" Mama akajibu, "Geuka nione nyuma." Binti akageuka, kitambaa kikachakarika, na mama akasema kiuno kinataka kupunguzwa kidogo. Kiuno cha gauni siku zote kinataka kupunguzwa au kuongezwa, huwezi kukosa.

Siku moja kabla ya safari, baada ya chakula cha mchana, binti alivuta begi lake sebuleni.

"Vito nitavitia kwenye soksi," alisema. "Vifike vitakavyofika."

"Kwenye soksi! Katika nyumba gani? Lete hapa."

"Mama, mgongo wako..."

"Mgongo haufungashi. Lete kopo langu na mirija."

Akatandika kitambaa cheupe mezani, na binti akavimwaga vyote kwa pamoja. Vilikuwa kumi na tisa, na hakuna mwizi mwenye akili ambaye angevisumbukia. Mwaka ambao duka lilifanya vizuri, sonara alimpa kimoja, na miaka mingine duka halikufanya vizuri. Sasa vyote vilikuwa vya binti. Mama Vifungo hakutaka kubakiza hata pete.

Vidole vyake vilianza kazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijisikia mtu. Mkufu wa kwanza ukaingia kwenye mrija kama umeitwa. Wa pili ulikuwa na fundo, akalifungua kwa kucha huku akiongea habari nyingine kabisa. Bangili akazizungushia karatasi laini, kila moja peke yake, zisikwaruzane. Kidani kizito akakiweka chini, vyepesi juu. Alikuwa akifoka kidogo kidogo kama alivyozoea dukani: nani alikiacha hiki na manukato, nani alikilalia hiki mpaka kikapinda. Binti alikaa akimtazama. Mama alijua anatazamwa, akaongeza madaha, akainua pete moja juu kuelekea dirishani kama anayekagua jiwe.

Kisha akafika mwisho wa meza, na jasho likamtoka. Zilibaki hereni nne. Zilitoka kwenye kalibu moja, uzito mmoja, ndoano moja, na zilitofautiana kwa kitu kimoja tu: mbili zilikuwa na kioo chekundu na mbili cha kijani. Alizipapasa zote nne. Akazipapasa tena. Hakuna kidole duniani kinachojua rangi. Mbele ya jicho lake la kulia palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu vipande vinne vya weusi.

Alijifanya anatafuta kifungo kinachofaa. Alichagua kimoja, akakirudisha kwenye kopo, akachagua kingine. Akichomeka nyekundu na kijani pamoja, binti ataona hapo hapo, na safari imekwisha. Miezi minne ya kuungua vidole itakuwa bure. Alitaka kuomba maji ili apate nafasi ya kufikiri, lakini maji yangempa nafasi tu, yasingempa macho.

Binti akapiga mwayo. Akanyoosha mkono, akaokota mbili, akamwekea mama kiganjani.

"Anza na hizi nyekundu," alisema. "Ndizo nitakazovaa kwanza."

Mama Vifungo alikaribia kucheka kwa sauti. Bahati iliyoje! Alizichomeka nyekundu kwenye kifungo, na zilizobaki kwenye kingine, haraka, kabla bahati haijabadili mawazo. Akafunga kisanduku, akakitikisa sikioni. Kimya kabisa.

"Mgonjwa amepona?" binti akauliza.

"Amepona. Anaweza kusafiri."

Asubuhi teksi ilikuja saa nne. Binti alimkumbatia mlangoni muda mrefu mpaka dereva akapiga honi. Alimwambia ale vizuri, alale mapema, asimsindikize hadi barabarani. Mama alisema atafanya yote hayo. Alijikaza kisabuni, hakutoa chozi, kwa sababu macho yakilowa hata ule ukungu aliobakiwa nao hupotea. Gari lilipowaka alipunga mkono kuelekea kwenye mlio wa injini, na akaendelea kupunga mpaka mlio ukapinda kona na kwisha.

Ndani ya nyumba alikaa chini, na furaha ikamjia, furaha ya kweli, chungu lakini yake. Ameweza. Amemfungasha mwanawe bila mlio hata mmoja na kumpeleka duniani. Sasa angeweza kugusa kuta zote anavyotaka, kutembea na mikono mbele, kumwaga maji, kulia. Alilia kidogo na akajisikia vizuri.

Mchana alisikia kishindo uani. Alitoka akipapasa, akasikia mtu anahema na kukaza kitu kwenye mti wa kuanikia nguo. Alimtambua kwa pumzi. Alikuwa mshonaji, mwanamke mnene mwenye huruma na mdomo usiofungika.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafunga kamba, dada. Inatoka hapa mlangoni kwako, inapita bombani, inafika chooni. Utaishika tu unafuata. Kesho nitakuletea nyingine ya..." Mshonaji akanyamaza. Kwa mshonaji hilo halikuwa jambo dogo.

"Nani amekwambia nahitaji kamba?"

"Jamani. Binti yako. Alisema nianze akishaondoka. Nilidhani amekuaga na hilo."

Mama Vifungo akashika mwimo wa mlango. "Anajua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kazi. Alikwenda kwa sonara kuuliza huo mgongo umeanzaje, sonara akamwambia. Kisha akamfuata na daktari."

"Na hii kazi ya mbali?"

Mshonaji alikohoa. Alitamani awe kwingine, lakini alikuwa amekwisha fungua mdomo, na hajawahi katika maisha yake kuufunga katikati. "Barua ya kuomba kazi aliiandikia kwangu, kwenye meza ya kukatia. Wiki ile ile. Aliandika analia, akanilowanishia kitambaa cha mteja."

"Alisema nini?"

"Dada, haya mambo..."

"Nimekuuliza alisema nini."

"Alisema wazee wa watu anawaweza, kwa sababu hakuwajua walipokuwa wazima. Wewe alisema hakuwezi. Hana moyo wa kukuona hivyo."

Mama Vifungo alisimama pale pale. Kwanza ilikuja hasira, na alitaka kuvunja kitu, lakini hata kikombe cha kuvunja angelazimika kukitafuta. Kisha yakaja maumivu, nayo hayakuwa na haraka. Kidole alichokiunguza. Vicheko vya televisheni. "Geuka nione nyuma," na mtoto akageuka, akijua. Miezi sita walikaa nyumba moja, kila mmoja akimfichia mwenzake kitu kile kile. Aliona ametoa zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, na kumbe binti mwenyewe alikuwa amekwisha ichukua na kufunga virago.

"Nisamehe," mshonaji akasema. "Atapiga simu akifika. Nimwambie nini?"

Mama Vifungo alifuta uso kwa kiganja. Alifikiria kidogo, kama afikiriavyo mtu mbele ya kisanduku kidogo na vitu vingi.

"Mwambie kamba umefunga. Mwambie nilikuuliza ni ya nini, ukasema ya kuanikia nguo, nikaamini."

"Hatoamini kwamba umeamini."

"Ataamini, anataka kuamini. Na mimi uwe hujaniambia lolote. Umesikia? Lolote."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka, akaitikia kwa sauti. Mama Vifungo akanyoosha mkono hewani mara mbili mpaka akaipata kamba. Akaishika, akaanza kuifuata kuelekea bombani, akihesabu hatua. Zilikuwa kumi na nne.