Skii za Kubebea Mgonjwa

Kwenye kilima chetu, wilayani Ngara, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa mabegani. Analazwa kwenye machela ya kufumwa tunayoiita ingobyi, wanaume wanne wanainyanyua, wengine wanne wanafuata nyuma ili wapokezane. Wanateremka mteremko wa nyasi, wanavuka bonde, kisha wanapanda tena hadi barabarani ambako gari linaweza kupatikana. Kila nyumba ina zamu yake katika chama cha machela. Ukikosa zamu unatozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Ukikosa mara nyingi mtungi unapokelewa, unanywewa, na bado watu wanakutazama vibaya.

Zamu zangu zilianza nilipokwisha kupata kazi Lukole, na nilikuwa sijabeba hata mara moja. Kambi ya wakimbizi ilikuwa imetuletea ajira, na mimi nilikuwa karani wa ghala katika shirika moja la misaada. Nilikuwa na funguo, kalamu mbili mfukoni na kichwa kilichovimba kuliko mshahara. Zamu yangu ikifika nilituma mtungi. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akishika nafasi ya mbele kwenye machela tangu mimi sijazaliwa, alinibebea zamu zangu nyingi bila kuniambia. Nilikuja kuzijua baadaye.

Siku moja lilifika kontena la nguo za msaada kutoka nchi za baridi. Tulifungua tukakuta makoti mazito ya kumfaa mtu anayelala kwenye friji, na nyuma ya makoti, skii. Jozi kumi nzima. Kwa asiyezijua: ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopinda juu kwa mbele kama ulimi, ambazo Wazungu huzifunga miguuni wakateleza nazo kwenye theluji. Wakimbizi walikuwa wanasubiri maharage na blanketi, na sisi tumeletewa vitu vya kuchezea theluji. Wapakuaji walicheka mpaka wakakaa chini.

Mama wa Kizungu aliyesimamia ghala hakucheka sana. Nafikiri aliona haya kwa niaba ya watu wa kwao. Akazisimamisha ukutani na kunieleza mimi, maana nilikuwa wa kwanza kuuliza na nilipenda kuonekana nauliza. Hizi nyembamba na ngumu, alisema, ni za kwenye miteremko ambayo theluji yake imeshindiliwa na mashine ikawa laini kama sakafu. Hizi zilizopinda mbele na nyuma ni za vijana wanaokwenda kwenye viwanja vyenye vituta na vyuma vya kurukia. Na hizi pana kama kafi ni za theluji mpya isiyokanyagwa, laini kama unga. Ukivaa nyembamba humo unazama.

Nikamuuliza: "Na mtu anayetaka moja tu, ya kila mahali?"

Akavuta jozi moja ya rangi ya bluu. Haikuwa pana wala nyembamba, nayo ilikuwa imepinda mbele na kidogo tu nyuma. "Hizi za kati," alisema. "Hazikufanyi bingwa popote, lakini hazikuaibishi popote."

Maneno hayo yaliniingia. Kwa sababu wakati yeye anaongea habari za theluji, mimi nilikuwa naona njia ya kwetu. Kijinjia cha juu kilichoshindiliwa na miguu ya watu, hiyo ndiyo theluji ya mashine. Katikati, mteremko wa nyasi wenye mizizi, mawe na mifereji ya maji, hapo ndipo pa kurukia. Na chini bondeni, tope la mafunjo linalomeza mguu mpaka gotini, huo ndio unga. Kichwani mwangu nikapigia kasha la mbao juu ya skii mbili, nikamlaza mgonjwa humo, nikaweka kamba moja mbele ya kuvutia na mbili nyuma za kuzuia. Watu watatu badala ya wanane! Nani tena angenidai zamu?

Hapo ndipo ilipozaliwa aibu yangu, nami sitaki kuificha. Watu walisema nilikuwa namfikiria mgonjwa. Nilikuwa nafikiria bega langu.

Mama yule aliniruhusu nizichukue zile za bluu. Nyingine zilikuwa zinakwenda kutupwa. Kazi ya kasha nilimpa seremala mmoja mkimbizi, Mrundi mtu mzima, aliyekuwa akitutengenezea rafu za ghala. Alizigeuza zile skii, akapitisha kiganja upande wa chini, akapitisha tena. Kisha akaniambia kwa Kirundi, lugha ambayo sisi Wahangaza wa Ngara tunaielewa kama ya ndugu zetu: "Hiki kimeumbwa kiteleze. Breki yake iko wapi?"

Nilimjibu kwa Kiswahili, lugha ya ofisi, ili ajue nani mwenyeji na nani mgeni. "Fundi, wewe piga misumari. Mambo mengine tuachie sisi."

Akapiga misumari. Kazi yake ilikuwa safi.

Nilipokileta chombo kijijini ilikuwa kiangazi. Tukakijaribu na gunia la maharage, kikashuka kwa adabu. Nikaingia mimi mwenyewe, nikashushwa hadi bondeni huku watoto wakikimbia pembeni na akina mama wakipiga vigelegele. Kwenye nyasi kavu kilitembea, kwenye mizizi kiliruka kidogo kikatulia, na juu ya tope hakikuzama hata kidogo. Mwenyekiti wa chama alinishika mkono mbele ya watu. Baba mdogo alikizunguka mara mbili, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kwa kuwa mwanangu ameleta kitu, tukijaribu. Nilimwona anafurahi, na furaha hiyo haikuwa ya chombo.

Mvua za kwanza zilikuja na ugonjwa wa jirani yetu, mama wa watoto wanne, aliyekuwa na maumivu ya tumbo kwa siku tatu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na nilikuwa nyumbani. Nilisema kwa sauti kwamba ingobyi haina haja. Mume wake akashika kamba ya mbele. Nyuma, baba mdogo akashika ya kulia, mimi ya kushoto.

Kijinjia cha juu tulikipita vizuri. Tulipofika kwenye nyasi nilijua. Nyasi zilizolowa si nyasi kavu, jambo ambalo hata mbuzi analijua. Chombo kilianza kuvuta, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu. Mume aliyekuwa mbele aliruka pembeni kisimpitie. Kamba ikaanza kukimbia ndani ya viganja vyangu, ikanipasha moto, na mimi nikaiachia.

Sikuponyokwa. Niliiachia. Nilifungua vidole.

Baba mdogo hakuachia. Alianguka kifudifudi akaburutwa kwenye matope na mawe, mikono imenyooka mbele, mpaka kamba yote ilipopita mikononi mwake na kwisha. Chombo kiligonga kichuguu, kikapinduka, na yule mama akarushwa. Alipiga kelele mara moja tu. Nilizisikia baadaye kwa miaka, nikiwa nakula, nikiwa ofisini, nikiwa kanisani.

Watu walikuja na ingobyi ya zamani na kumpeleka kwa mabega, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Mimi nilitangulia mbio barabarani kutafuta gari, kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kutazamwa. Hospitali walimtibu tumbo akapona, ila nyonga haikurudi sawasawa. Tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, chama kilikutana uani kwa mwenyekiti. Mume wa mgonjwa alisema alikuwa ametazama mbele, hakuona kilichotokea nyuma. Mwenyekiti akauliza swali moja: kamba mbili zilikuwa zimeshikwa na watu wawili, nani aliachia?

Nilikuwa nimevaa koti mojawapo la lile kontena, lenye mifuko mirefu, na mikono yangu ilikuwa ndani ya mifuko. Baba mdogo alikuwa amekaa mbele yangu. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na vitambaa vimelowa. Mtu yeyote angefikiri kidogo tu angeelewa: aliyechubuka ni yule aliyeshika. Aliyeachia, mikono yake ni mizima. Nilisubiri mtu aniambie nitoe mikono. Hakuna aliyeniambia, nami sikuitoa.

"Ni mimi," alisema baba mdogo. "Uzee. Imeniponyoka."

Wakamtoza mtungi. Wakamwondoa mbele, mahali alipokuwa ameshika miaka yote, wakamweka na wapokezaji wa nyuma pamoja na vijana. Kuhusu mimi, mwenyekiti alisema nia yangu ilikuwa njema na chombo kisingeleta madhara kama kingeshikwa na watu wenye nguvu. Nilisema asante. Nilisema kweli, kwa mdomo huu huu.

Skii nilizitupa darini kwa mama. Yule seremala aliponiuliza chombo kinaendeleaje, nilimwambia kinafanya kazi vizuri. Aliniangalia, akaendelea kupiga randa.

Kilichokuja baada ya hapo kilikuwa kibaya kuliko siku yenyewe. Yule mama, kila aliponikuta njiani, alisimama na fimbo yake akanishukuru. "Ungekuwa umeshika wewe peke yako," aliniambia mara moja, "leo ningekuwa nacheza ngoma." Lakini baba mdogo, mtu wa umri wa baba yake, yule mama alimnyima shikamoo. Akipita karibu naye alimrushia "habari" kama mtu anayemsalimia rika lake, au alitazama migomba. Kwetu hilo si jambo dogo. Baba mdogo alijibu "nzuri" na kuendelea na safari yake. Nilishuhudia haya kwa macho yangu zaidi ya mara moja, nikanyamaza zaidi ya mara moja.

Kambi ilipofungwa na wakimbizi kurudi kwao, nilipata kazi nyingine Biharamulo, nikashukuru umbali. Nilituma sabuni, nilituma sukari, nilimtumia baba mdogo shati kila Krismasi. Mtu mwenye deni la namna yangu huwa mkarimu sana.

Kisha nikapigiwa simu kwamba amelala, miguu haimbebi, inabidi apelekwe hospitali. Nilifika jioni. Asubuhi, tukisubiri watu wa machela, nilimpaka mafuta mikononi maana ngozi ilikuwa imekauka. Kovu lilikuwa limepita katikati ya kila kiganja, pana, linang'aa. Alinitazama ninavyolitazama.

"Baba mdogo," nikasema, "kwa nini ulisema ni wewe?"

Hakujifanya hajaelewa. "Nilidhani mimi watanisamehe. Nimebeba watu wengi hapa." Akapumzika. "Wewe hukuwa umebeba mtu hata mmoja. Ungewaambia wakusamehe kwa lipi?"

Nikaendelea kumpaka mafuta. Kisha akasema: "Nikafikiri pia kwamba sasa utakuwa unakuja kubeba. Mtu akishaponea chupuchupu huwa anakuja."

Sikuwa nimekuja. Alijua, nilijua, na bado mafuta yalikuwa kwenye vidole vyangu.

Watu wakafika. Niliomba nafasi ya mbele. Wakatazamana, kisha wakanipa, labda kwa sababu ya mvi zangu. Mti wa ingobyi ulinikalia begani na nikaelewa kwa mara ya kwanza jinsi mtu alivyo mzito hata akiwa amekonda. Tulipita kijinjia cha juu, tukashuka kwenye nyasi hatua kwa hatua, visigino tumevichimbia ardhini, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake. Kichuguu kile bado kipo. Tukavuka bonde, matope yakafika magotini.

Tulipoanza kupanda upande wa pili tulimkuta yule mama amesimama kando ya njia, ameegemea fimbo. Machela ikipita, kwetu watu husimama. Aliwasalimia wabebaji, akanisalimia mimi kwa jina la ukoo na tabasamu lile lile. Baba mdogo alikuwa amelala hapo, mita moja kutoka kwake, macho wazi, na yule mama akatazama migomba.

Nikawaambia wenzangu tusimame. Walifikiri nimechoka.

"Dada," nikasema, na sauti ilitoka vibaya, "ile kamba niliiachia mimi. Huyu ndiye aliyeshika. Mtazame mikono."

Nilihisi mti unavyotetemeka, sijui ulitetemeka kwa bega langu au kwa bega la mwingine. Yule mama akasogea kwa kuchechemea, akachukua mkono mmoja wa baba mdogo uliokuwa juu ya blanketi, akaufungua kiganja kama anayetafuta mwiba. Kisha, akiwa ameinama na fimbo yake imeanguka kwenye matope, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Niliinama kwa kadiri mti ulivyoniruhusu, nikaiokota fimbo, nikampa. Aliipokea bila kunitazama. Akageuka akaenda zake, na mimi hakuniaga. Tukajiweka sawa mabega, tukaendelea kupanda.