Mzee wa Chuma Alipofungua Lango

Habari zilinikuta dukani kwangu Nakivubo, nimepanda juu ya kigoda nashusha jora la kitambaa. Aliyezileta ni jirani yangu wa duka, msichana anayeuza viatu vya mitumba. Jana yake alikuwa amekwenda kuitazama ile filamu mpya ya anga kwenye jumba la sinema, lile la wenye nafasi zao, kwa Kiingereza chake chenyewe, na asubuhi hiyo hata salamu hakunipa.

"Dada, mzee wa chuma kawauza wenzake," akasema. "Kafungua lango, maadui wakaingia. Lakini filamu tamu, wallahi. Inaishinda ya kwanza."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema kaona kwa macho yake, na wakati wa kutoka watu wengine walikuwa wanafuta machozi na wengine wanatukana mpaka kwenye ngazi. Nikashuka kwenye kigoda. Mteja aliyekuwa ananisubiri nikampimia kitambaa pungufu, akanirudishia, nikapima tena, nikakosea tena. Tangu saa hiyo sikutulia wiki nzima.

Ngoja nieleze, maana najua mtu atasema, mwanamke mzima na duka lake anahangaishwa vipi na roboti wa kwenye filamu za anga. Mimi mwenyewe filamu hizo sizipendi. Vyombo vinaruka, watu wamevaa nguo za kubana, kila mmoja anaokoa ulimwengu na hakuna anayepika. Ila mdogo wangu wa kiume ni vijei. Hapa Kampala vijei ndiye anayekaa na kipaza sauti ndani ya banda la video, anapunguza sauti ya filamu na kuwasemea wote waliomo kwa lugha ya watazamaji: mwanamume, mwanamke, mtoto, hata mbwa ikibidi. Wengi wanatafsiri kwa Kiganda. Mdogo wangu banda lake liko Nateete, na Jumamosi mchana anatafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya madereva wa malori, Wakongo wa sokoni, Wakenya, Wanubi, na sisi ambao babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki huku, na Kiswahili kikabaki nasi ndani ya nyumba.

Na vijei hatafsiri tu. Anayefuata maneno ya filamu kama yalivyo, watu wanamkimbia. Lazima atie chumvi. Filamu ya kwanza ilikuwa na nahodha mwanamke, chombo chake kibovu cha angani, na roboti mmoja kuukuu wa kutengeneza injini. Kwa Kiingereza roboti huyo hakuwa na la maana, milio tu na maneno mawili matatu. Mdogo wangu akaona hapo pana nafasi, akamfanya dereva mzee wa lori. Kituo cha kuvukia kutoka sayari moja kwenda nyingine akakiita Malaba, kama mpaka wetu na Kenya, na foleni yake na karatasi zake, madereva wakacheka mpaka wakapiga mabenchi. Na kila roboti alipotaka kusema jambo zito alikohoa kwanza, kikohozi kifupi, kikavu, halafu: "Mdogo mdogo, mama. Tutafika."

Watu wakaona ni kichekesho kizuri, wakambandika jina la mzee wa chuma. Mimi, niliyekuwa mlangoni napokea watu, nilimwacha mtu akapita bila kulipa. Ile ilikuwa sauti ya baba yetu. Baba alikuwa dereva wa lori njia ya Juba, na wakati ule kaburi lake lilikuwa bado bichi. Kikohozi chake, maneno yake, hata ile namna yake ya kulivuta neno "mama" alipokuwa anamwita mkewe.

Eda ilipokwisha nikampeleka mama. Sikumwambia kuna nini, nikamwambia tu akanyooshe miguu. Mzee wa chuma akakohoa, akasema yake, na mama akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kuanzia siku hiyo kila filamu ile iliporudiwa, na ilirudiwa sana kwa kuwa watu waliidai, mama alikuwa kwenye benchi la mbele upande wa ukutani. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikuja kumsikiliza mumewe, na wala hatukulizungumza jambo hilo nyumbani.

Sasa ya pili ilikuwa inakuja bandani Jumamosi. Na mama angekaa palepale kwenye benchi lake, amsikie marehemu wake anawauza watu, tena kwa mdomo wa mwanawe. Ndicho kilichokuwa kinanila.

Na mji mzima nao haukunipa nafasi ya kusahau. Msichana wa viatu kila asubuhi alikuja na sifa mpya: safari hii nahodha ana akili, safari hii hakuna anayeokolewa kwa bahati, hayo ndiyo maisha. Kule Nateete, kwenye kituo cha bodaboda kinachotazamana na banda, mambo yalikuwa kinyume. Wale vijana wanaijua filamu ya kwanza kwa moyo, wanasalimiana kwa kukohoa. Walikasirika mpaka wakaanza kugombana na abiria. Wengine walilalamika chombo kimekuwa kipya mno, kinang'aa kama choo cha hoteli. Wengine walisema vita ni vifupi, nahodha amekata nywele bila sababu. Waliokwisha kuiona walibishana, na wasioiona walibishana kwa sauti kubwa zaidi. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi kidogo, akanisimamisha nikipita.

"Dada, wewe ambia vijei," akasema. "Sisi hiyo kitu hatukubali. Mzee yetu hawezi fanya hivyo. Hao watu wameandika vibaya, yeye atengeneze."

"Na akitafsiri kama ilivyo?"

"Kale, haya, sisi tunahama. Tunaenda banda ingine."

Nikamwambia ahame hata leo, kwani benchi letu limeota mizizi makalioni kwake. Akacheka, mimi sikucheka.

Mdogo wangu nilimkuta nyumbani kwetu Mengo, uani, kompyuta mapajani na vidude vya kusikilizia masikioni. Alikuwa anakirudia kipande kilekile cha lango. Nikamvuta waya.

"Sema wamemlazimisha," nikamwambia. "Sema wamemtilia dawa kwenye oili."

"Watu wameshaiona, dada. Huyo jirani yako wa viatu atakuja kukaa mbele kabisa. Nikidanganya nimekwisha."

"Mbona ya kwanza ulidanganya?"

"Ya kwanza nilitia chumvi. Hii unataka nibadilishe nyama."

"Basi mpe sauti nyingine."

Akanitazama kama niliyemwambia auze nyumba. "Sauti nyingine nitaitoa wapi? Watu wanakuja kwa ajili ya ile. Na mama je? Si ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza mumewe kaenda wapi?"

Hapo nikazidi kupandisha. Nikamwambia kwani nani alimtuma kumtia baba yetu ndani ya kopo.  Usoni alikuwa amechoka, na nikaona kuwa hata yeye halali. Nikamrudishia waya wake nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nikabaki na njia moja, kumzuia mama asiende. Ijumaa jioni nikamkuta anapiga pasi gauni lake la Jumamosi. Nikamwambia huenda kesho tukapata wageni. Akauliza wageni gani, nikashindwa kuwataja. Nikasema basi mvua, nimeona mawingu upande wa ziwani.

"Mvua hainyeshi ndani ya banda," akasema, pasi haikusimama. "Na wewe una nini? Wiki nzima unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, mama."

"Haya. Nipishe hapo kwenye mwanga."

Jumamosi banda lilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Bodaboda walikuja wote, wakajipanga nyuma na helmeti zao magotini. Msichana wa viatu alikaa mbele, kifua mbele, kama mtu anayekuja kusikiliza hukumu aliyoiandika mwenyewe. Mama kwenye kona yake. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, nikafunga pazia, nikalifungua, mpaka mtu mmoja akaniomba kwa adabu nichague moja.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mdogo wangu alikuwa na moto, aliwataja waliochelewa mmojammoja, akampa nahodha ukali wa mwanamke wa soko la Nakivubo. Mzee wa chuma alipotokea na kukohoa, banda zima likakohoa naye. "Mdogo mdogo, mama. Tutafika." Mabenchi yakalia. Mama alitabasamu, mikono mapajani. 

Likafika lango. Roboti alitembea peke yake kwenye ujia mrefu mweupe, akasimama mbele ya mitambo ya lango, akanyoosha mkono. Mdogo wangu alinyanyua kipaza sauti mpaka mdomoni. Nikamwona anavuta pumzi. Kisha akakishusha, akapandisha sauti ya filamu, na Kiingereza kikajaa banda zima, sauti baridi ya mashine ambayo hatukuwahi kuisikia. Lango likafunguka, maadui wakaingia.

Watu wakalipuka. Nyuma walikuwa wanapiga helmeti kwa furaha, mkubwa wao anasema ndiyo hivyo, vijei kakataa kumtukana mzee. Mbele wanapiga kelele atafsiri, wamekuja kusikia. Mdogo wangu aliendelea kuwasemea wengine wote, lakini kila roboti alipofungua mdomo alimwachia Kiingereza. Hata kule mwisho, chombo kimeungua nusu, roboti anarudi, anapiga magoti mbele ya nahodha na kusema maneno mengi, mengi kuliko yote aliyowahi kusema, hatukupewa hata moja. Mimi nilishukuru Mungu. Nilimwona mama kwa nyuma tu, amekaa wima, wala hakujifunika uso.

Filamu ilipokwisha ugomvi ukahamia nje. Msichana wa viatu alimwambia mdogo wangu kuwa ametuibia filamu, kwamba pale penye utamu ndipo alipoweka kufuli. Mkubwa wa bodaboda akamjibu kuwa heshima haijulikani na wauza viatu. Mtu mmoja alidai ya tatu itasahihisha yote. Mwingine akasema ya tatu hatakuja, wamemvunja moyo, na dakika hiyohiyo akauliza inatoka lini. Niliwaacha, nikarudi ndani.

Mama hakuwa ameinuka. Mwanga wa jua la alasiri ulikuwa unaingia kwenye pazia lililofungwa pembeni, na mdogo wangu anakunja nyaya bila kumtazama.

"Pale mwisho," mama akamuuliza. "Alipopiga magoti. Alimwambia nini yule mwanamke?"

"Si kitu, mama. Maneno ya kizungu tu."

"Maneno yale yote, si kitu?"

Mdogo wangu akanitazama mimi, mimi nikatazama ukuta.

"Mama," akasema, "sikutaka kumtia baba kwenye jambo lile. Baba hakuwa hivyo."

Mama akakunja mtandio wake, akaukunjua, akaukunja tena. Alipozungumza hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mnaikumbuka ile safari mliyoambiwa gari limeharibika Juba?"

Nilikuwa naikumbuka. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka mama anauza cherehani, na uji wa asubuhi, na baba anarudi amekonda tukamrukia miguuni.

"Gari halikuharibika," mama akasema. "Alikuwa na nyumba nyingine kule. Aliniacha na ninyi wawili na kodi ya watu. Na aliporudi, alisimama pale mlangoni, hakuingia. Akakohoa. Hicho kikohozi unachokiiga, mwanangu, mimi nilikijua siku hiyo, hakuwa nacho kabla. Halafu akaniambia yote kwa mdomo wake, kabla sijauliza. Kwa hayo maneno ndipo nilipompisha akapita."

 Nje bado walikuwa wanabishana kuhusu nywele za nahodha. Nilijisikia nimevuliwa kitu nilichokuwa nimekivaa tangu utotoni, na wakati uleule nilimwonea mama wivu, maana alikuwa na baba mzima na sisi tulikuwa na nusu.

"Yule wa kuchekesha ni wenu," mama akasema. "Mimi nimemngoja huyu. Nimemwona anafungua lango, nikasema, haya, ndiye. Nimekaa ili nisikie anavyorudi. Na wewe ukamfunga mdomo."

 Mdogo wangu akazichomeka nyaya tena. Nikashusha pazia, banda likawa giza, nikaenda kukaa kwenye benchi la mbele, ubavuni mwa mama, na miguu yangu ikatulia. Roboti akatokea kwenye runinga, moshi nyuma yake, akapiga magoti. Mdogo wangu akakiweka kipaza sauti mdomoni, akakohoa. Sauti ilikuwa yenyewe.

"Lango nimelifungua mimi, mama. Usimtafute mwingine."

"Najua," mama akaiambia runinga. "Endelea."