Vidole Vilivyozoea Kukaba

Yattani alijifunzia gitaa kwao Kulamawe, akichunga mbuzi, kwenye debe la mafuta alilolifunga waya za breki za baiskeli. Waya hizo hazijui kubembelezwa. Ukizigusa kiungwana zinakoroma tu, kwa hiyo alizikaba miaka nenda miaka rudi, hadi vidole vikawa koleo.

Sasa yuko Isiolo mjini na gitaa la kweli, anampigia Nasteha, mwimbaji wa harusi, na bado anakaba. Nyuzi zikibanwa hivyo hupanda juu ya sauti ya mwimbaji, zisilingane nayo. Kila zilipopanda, Nasteha aligeuka katikati ya wimbo akamtazama. Mtazamo huo Yattani aliuogopa kuliko fisi.

"Unanivuta, Yattani," alimwambia siku ya mazoezi. "Nikigeuka tena harusini Jumamosi, ujue tumemalizana. Nitaimba na kinanda peke yake."

"Ni hizi strings, dada. Ziko nyembamba sana, kama uzi ya kushona."

Ndiyo, lawama zote ziende kwa nyuzi! Akazivua, akanunua nene kuliko zote dukani. Asubuhi ya harusi alizikaza, akaona bado, akakaza tena. Moja ikakatika, ikamchapa ncha za vidole vya kushoto. Damu ikadondokea shati la harusi, na hakukuwa na nyuzi nyingine ila zile nyembamba alizozitukana. Akazirudisha.

Alasiri, mtaani Bulla Pesa, hema la harusi lilikuwa limejaa. Plasta aliyoifunga vidoleni ilizima sauti ya gitaa, akaibandua. Nasteha aliviona vile vidonda, akawaelekea wageni, akaanza kuimba.

Yattani aligusa uzi na maumivu yakampanda hadi begani. Hangeweza kukaba hata kwa kulipwa. Aligusa tu, karibu kabisa na kile kichuma cha shingoni mwa gitaa, kiasi cha uzi kutokoroma, basi. Akaikodolea macho shingo ya Nasteha, akingoja igeuke.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wakafika pale Yattani anapoharibu kila mara, akaacha kupumua. Sauti ya gitaa ikakaa palepale ilipokuwa ya mwimbaji. Alisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto, maana nyuzi hazikuwa na kosa lolote, tangu mwanzo.

Hadi bibi harusi anainuka kucheza, Yattani alikuwa ameona mgongo wa Nasteha tu, na hakuwahi kufurahia mgongo wa mtu namna ile.