Picha ya Behewa la Saba

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nasema mapema, ili asiyependa watu wa aina yangu afunge ukurasa. Wapo wanaosamehe hata kabla hawajaombwa, Mungu awabariki. Mimi nikikosewa naweka, tena naweka mahali pakavu pasiharibike kitu.

Aliyenikosea alikuwa rafiki yangu wa dhati. Tulisomea unesi pamoja Dallas, Texas, tukakaa nyumba moja Lewisville miaka minne, tukaendesha gari moja kwa zamu. Baadaye yeye akapata kazi katika hospitali kubwa huko Houston na kununua nyumba Pearland. Mimi nikabaki Lewisville nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Lakini tangu chuoni tulikuwa tumeahidiana kwamba siku moja tutazunguka Ulaya na mabegi mgongoni kama wanafunzi wa kizungu, tule mkate na jibini kwenye ngazi za makanisa na kulala hosteli kwenye vitanda vya ghorofa. Septemba 2018 tukaenda.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Alikuwa amebeba majani ya chai ya Kericho na sufuria ndogo, na kila hosteli tuliyofika alianza kwa kutafuta maziwa. Roma nilipovimba miguu, alinikanda kwa mafuta mpaka nikalala. Ningekuwa nasafiri na mtu baki, yaliyofuata yasingeniuma hivi.

Tulipanda treni Italia kuelekea Munich. Alasiri ikasimama katika kituo kidogo cha mpakani, milimani, na polisi wawili wakaingia kukagua pasipoti. Yake ilikuwa ya Marekani, ya bluu, mpya kabisa, kwani alikuwa amekula kiapo cha uraia mwaka huo huo. Hawakuifungua hata. Yangu ilikuwa ya Kenya, na viza ndani yake, na kadi yangu ya ukaazi wa Marekani juu yake. Waliipindua, wakaielekeza kwenye mwanga, wakaikwaruza kwa ukucha. Nikaambiwa nishuke ili wakaihakikishe. Kisha mmoja akamgeukia rafiki yangu na kumuuliza kama tunasafiri pamoja.

Akasema hapana. Akasema tumekutana tu hapo kwenye viti. Alisema bila kunitazama, na mdomoni alikuwa anatafuna krispi.

Nilishuka kama mtu aliyepigwa kofi. Begi langu lilikuwa limebaki juu ya rafu, kwa hiyo nilipokanyaga chini nikatoa simu, nikapiga picha ya behewa ili nijue namba yake nitakapolitafuta. Polisi akanikemea, nikairudisha mfukoni. Treni ikaondoka. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, wao wakipiga simu zao, mpaka wakanirudishia pasipoti na kuniambia kila kitu kiko sawa. Nilipanda treni nyingine peke yangu. Nilipofika hosteli nilimkuta jikoni amechemsha chai.

"Si nimekubebea begi?" akasema kabla sijafungua mdomo. "Wangetushusha sote wawili, halafu ingesaidia nani? Kuwa serious."

Nilikunywa ile chai. Bado najichukia kwa kuinywa. Siku sita zilizobaki tulizungumza habari za ramani na hali ya hewa.

Ndani ya ndege ya kurudi ndipo nilipoitazama ile picha vizuri. Namba saba ilionekana wazi, nyeupe. Juu yake lilikuwa dirisha, na ndani ya dirisha alikuwemo yeye. Niliikuza kwa vidole. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, na mkono wake ulikuwa ndani ya paketi ya krispi.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kazini, nikibadilisha mashuka na kuwavisha wazee soksi. Kulikuwa na mzee mmoja, mfugaji wa zamani wa ng'ombe huko magharibi mwa Texas, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimekwisha. Kila asubuhi aliniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Kila asubuhi nilimsimulia habari ya treni. Na kila asubuhi alikasirika upya kwa niaba yangu, akagonga mkono wa kiti na kuuliza, "Na wewe ulimfanya nini?" Nikimjibu kwamba bado, alinitazama kwa mshangao kama nimemwambia sijawahi kula. Mtu akiulizwa swali hilo kila siku kabla ya chai, hawezi kupoa.

Halafu nikasikia rafiki yangu naye ana hadithi yake. Alikuwa ameisimulia kwenye sherehe ya kuzaliwa mtoto fulani Houston, ikapanda barabara mpaka kwetu: eti mimi nilishuka kituoni kununua chipsi, treni ikaniacha, naye maskini akahangaika na mabegi mawili. Wakenya wa Lewisville wakanibandika jina la Mama Chips. Kanisani nikisimama kwenda msalani, kuna mtu atanong'ona, "Harakisha, tutakuacha." Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nachemka.

Mtauliza kwa nini sikuirusha ile picha kwenye grupu la WhatsApp siku hiyo hiyo. Ingezama katikati ya keki za birthday na matangazo ya tanzia, jioni ingekuwa imesahaulika. Nilitaka aione akiwa amekaa na watu anaotaka wamwone mzuri. Nilitaka akose pa kutazama. Na zaidi ya yote nilitaka nirudishiwe jina langu mbele ya watu.

Aprili 2019 akanipigia mwenyewe.

"Mum amepata viza, anakuja! Jumamosi tunamfanyia welcome hapa kwangu. Wewe ndiye uko na picha zote za Europe, ebu tupangie slideshow, tuta-cast kwa TV."

"Nitapanga," nikasema. Nilipokata simu nilicheza densi pale jikoni, peke yangu, na mwiko mkononi.

Niliendesha gari kutoka Lewisville alfajiri. Saa nane mchana sebule ya Pearland ilikuwa imejaa watu kama arobaini, watoto wamekaa kwenye zulia wakiulizana kwa Kiingereza chakula kitakuwa tayari lini, wanaume nje wakichoma mbuzi. Mama yake, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, aliketi kwenye kochi kubwa akishangilia kila picha. Chemchemi, makofi. Kanisa, makofi. Mimi na binti yake tukila mkate, makofi.

Kisha behewa likajaza televisheni yote, na dirisha, na uso. Nilikuwa nimeikuza vizuri.

"Hapa ni wapi?" mama akauliza.

"Hapa, Mama, ndipo polisi waliponishusha wakague pasipoti yangu," nikasema. Sauti yangu haikutetemeka, nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi saba. "Walimuuliza kama tuko pamoja, akasema hanijui. Sikushuka kununua chipsi."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia. Mama alimgeukia binti yake na kumuuliza kwa Kiswahili, wala si kwa lugha yao, ili sote tusikie.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mum."

"Ulimkana mwenzako, ukaendelea kula?"

"Ndio."

Mama alitazama mikono yake. "Zimeni hiyo kitu," akasema. "Watu wapewe chakula."

Hakuna aliyeniita Mama Chips tena siku hiyo, wala baadaye. Nilikula sahani mbili za pilau na nyama ya mbuzi, na chakula hakijawahi kunishuka vizuri namna ile.

Nilipoaga, rafiki yangu alinisindikiza mpaka kwenye gari akiwa amebeba chakula kilichofungwa kwenye foili, kama anavyofungiwa mgeni mwenye safari ndefu. Nilijiandaa kwa machozi. Nilikuwa hata na jibu.

"Nilikuona ukipiga ile picha," akasema. "Tangu siku hiyo simu yako ikiingia nafikiri ni leo. Grupu ikiwa na message mingi naogopa kufungua. Hata ile story ya chipsi niliitunga ndio ujibu, tumalizane, na ukanyamaza. Nikachoka. Mum alipopata viza nikasema wacha nikupatie hiyo slideshow."

Hakuomba msamaha. Aliniwekea chakula kwenye kiti cha abiria, akanifungia mlango, akavuta pumzi ndefu. Mabega yake yalikuwa yameshuka.

"At least sasa nitalala," akasema, akarudi ndani kwa mama yake.

Nilimtazama kwenye kioo akitembea kama mtu aliyetoka kuoga. Miezi saba nilikuwa nimemfunga kwenye simu yangu bila kujua, na nimetoka Lewisville mpaka Pearland kwenda kumfungulia. Ningejua, ningempangia picha za makanisa tu, nile pilau yangu, niende zangu, nimwache angoje.