Mmea Uliokataa Kukauka

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya Mama Gundi ilikuwa kubandika wafu kwenye karatasi. Wafu wenyewe walikuwa mimea iliyokaushwa, na makaburi yao makabati ya chuma yaliyojaza ghorofa nzima ya jengo la utafiti. Alikuwa na brashi tatu, sindano, uzi wa kijani na bakuli la gundi lililompa jina. Mkurugenzi alipomwandikia barua ya pongezi alianza na "Mpendwa Mama Gundi", akalikata, kisha akalirudisha, maana lile la kwenye faili hakulikumbuka.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye mwili, na mdomo wa kuwatosha watu wawili. Ukitaka ukweli, wifi ndiye aliyeugundua ule mmea, na aliugundua kwa kuukalia. Miaka minne iliyopita walipanda kilima nyuma ya machimbo ya kokoto, wifi akachoka, akaketi juu ya mwamba. Alipoinuka, gauni lake la manjano lilikuwa na doa jekundu, limechorwa majani matano manono.

"Wifi, gauni hili nimelinunua juzi."

"Tulia hivyo hivyo," Mama Gundi alisema, amepiga magoti nyuma yake. "Geuka kidogo. Mmea huu siujui."

"Mmea huujui, lakini mimi unanijua. Inuka, watu wanapita."

Kwa mtu aliyekwisha kubandika mimea elfu arobaini, kukutana na asioujua kulimtekenya mwili mzima. Aliubeba kwenye kitambaa mpaka kwa mkuu wake, ambaye wote walimwita Daktari. Daktari aliyatazama majani kwa lenzi, akatikisa kichwa.

"Ni ule ule wa siku zote, Mama. Umebadilishwa na jua tu. Niletee ua, tutazungumza."

Alikuwa na haki yake. Mmea haupewi jina kwa doa la gauni. Ili uhesabiwe kuwa spishi mpya lazima uonyeshe ua lisilofanana na la ndugu zake, kisha mche mmoja wenye ua ukaushwe, ubandikwe, uwekwe kabatini kuwa shahidi siku zote.

Ua likagoma. Makopo saba ya vipandikizi vya mmea ule yalipangwa dirishani nyumbani, majani yakanenepa kama mashavu ya mtoto, ua hakuna. Machimbo nayo yalikwisha kuumeza ule mwamba, na kilimani haukubaki hata mche mmoja. Kisha Daktari akatangaza kwamba kitabu chake cha mimea minono kingekwenda kwa mchapaji Ijumaa. Mmea usioonyesha ua ungeingizwa chini ya jina la ule unaojulikana, na habari yake ingeishia hapo.

Alhamisi asubuhi, kazini, Mama Gundi alihitaji mikanda ya kubania mimea. Akainama chini ya sinki, akavuta mbao mbili kuukuu zilizobanwa na rundo la magazeti katikati. Ubavuni, kati ya gazeti na gazeti, kijishina cheupe kama mnyoo kilikuwa kimechungulia nje kutafuta mwanga. Na kichwani kilikuwa na ua.

Ulikuwa mche alioutoa kwenye moja ya makopo ya nyumbani; alisoma tarehe kwenye lebo. Miezi tisa. Mwandiko ulikuwa wake, na kosa lilikuwa lake. Mmea mnono huchovywa kwenye maji yanayochemka kabla ya kubanwa, la sivyo unaendelea kuishi humo humo kwa akiba ya majani yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyebandika ukutani onyo la herufi nyekundu: CHEMSHA KWANZA. Siku ile umeme ulikatika, birika likapoa, akasema atachemsha kesho.

Alivua viatu ili akimbie vizuri. Miaka hamsini na tisa, mbao kifuani, anacheka peke yake ukumbini mpaka wahasibu wakatoa vichwa milangoni.

"Onyo lile la ukutani," Daktari aliuliza baadaye, jicho kwenye hadubini, "aliliandika nani?"

"Mimi."

"Linasemaje?"

"Chemsha kwanza."

"Na wewe?"

"Nilichelewa kidogo, Daktari. Miezi tisa."

"Miezi tisa," alisema bila kuinua kichwa, "ndiyo muda wa kawaida wa kupata mtoto."

Ua la ule unaojulikana ni refu kama njiti ya kiberiti, na laini. Hili lilikuwa fupi, nene, lina vinyweleo mpaka kooni. Daktari alilipima mara tatu, akampigia mchapaji simu kuomba ukurasa mmoja zaidi, sauti ikimpanda kama kijana aliyekubaliwa posa.

"Na jina, Mama?"

Mama Gundi alikuwa na orodha ya majina ya miaka minne. Yote yakamtoka. Akampigia wifi, akamwambia ua limetoka.

"Limetoka la kopo gani?" wifi aliuliza.

"Si la kopo. Limebanwa miezi tisa bila tone la maji."

"Wifi, mimi nilikuwa nayamwagilia ukienda kazini."

"Na mimi kila nikirudi."

"Wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu tumembembeleza, amekataa. Amebanwa, ndipo anachanua. Mkaidi huyo."

Daktari, aliyekuwa akisikiliza, akaliandika neno hilo kwa Kilatini.

Ikabaki kazi iliyocheleweshwa. Mama Gundi alichemsha birika, akalishika ua juu ya mvuke kwa vidole viwili, majani akayazamisha. "Niwie radhi," aliuambia mmea. Kwa muda huo tu hakucheka. Baadaye aliubandika mwenyewe, kwa gundi nyembamba kuliko siku zote.

Kitabu kilipotoka, ukurasa ule uliwataja wakusanyaji wawili, Mama Gundi na wifi yake. Chini yake palikuwa na mstari ambao Mama Gundi aliupigania: utomvu mwekundu, hautoki kwenye kitambaa.

Wifi alikuja kwenye sherehe ya kitabu na gauni la manjano, akakaa upande upande ili doa lionekane. Mkurugenzi, kwa ukarimu, alimwahidi gauni jipya.

"Jipya la nini, baba?" wifi akamjibu. "Hili limo kitabuni."