Nilimjeruhi Nyati, Nikamwambia Rafiki Yangu Ameenda Zake

Makosa ni yangu. Nayasema mwanzoni kabisa usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia sababu. Mimi mwenyewe nimezitafuta mwaka mzima na sikupata hata moja. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenishika mkono. Nilifyatua mwenyewe, na uongo nikausema mwenyewe, mchana kweupe, kwa mtu aliyeniamini kuliko ndugu zake.

Mimi ni mwalimu wa shabaha. Naishi Kitengela, na kwa miaka mingi nimewafundisha watu wenye leseni namna ya kushika bunduki bila kujiumiza wala kuumiza wengine. Watu husema nina subira. Mama mmoja alikuja kwangu anatetemeka hadi chupa ya maji ikamshinda kufungua. Wiki ya tatu alikuwa anapiga karatasi katikati huku anacheka. Nilikuwa nikiwapenda wanafunzi wangu kweli.

Kwa hiyo niruhusu na wewe nikueleze kidogo, polepole, maana bila haya hutaelewa ubaya wa nilichofanya.

Nilikuwa na bunduki moja ya zamani, yenye leseni, niliyonunua kwa mzee mmoja mwenye ranchi aliyekuwa amechoka. Inabeba risasi moja tu. Unavuta mkono wa chuma ulio chini, nyuma ya mtutu panafunguka, unaingiza risasi nene kama kidole gumba, unafunga. Ukishafyatua, umemaliza. Kuweka nyingine kunataka utulivu, na mnyama aliyeumia hakupi utulivu. Kitako chake kinakupiga bega kama teke la punda.

Yule mzee aliponikabidhi aliniambia mambo mawili. Usifyatue kama huna hakika. Na ukishafyatua, sikiliza.

Usikilize nini? Risasi kubwa ikikosa, utaona vumbi linaruka mbali, basi. Ikipiga chuma inalia kama kengele. Lakini ikiingia kwenye nyama, baada ya mlio wa bunduki unakuja mlio wa pili, mdogo, mzito, kama mtu amepiga godoro lililolowa kwa kiganja. Mzee alisema ukiusikia huo una kazi, na kazi hiyo haiishi mpaka mnyama awe amelala mbele yako. Mnyama aliyejeruhiwa humwachii mtu mwingine njiani.

Hayo niliwafundisha watu wengi sana. Nilikuwa nikipiga meza kwa kiganja kuwaonyesha. Na ukweli ni kwamba mlio huo sikuwa nimewahi kuusikia hata siku moja! Kuwinda kulipigwa marufuku nchini nikiwa bado nachunga ndama. Nilifundisha kitu cha kuambiwa, na moyoni kilinikereketa. Hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Niko na rafiki wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja. Nitamwita Lemayian, ingawa si jina lake. Boma lake liko ndani kidogo kutoka Bisil, na maisha yake yote ni kutembea nyuma ya ng'ombe. Mimi nilienda shule nikaishia mjini, yeye akabaki na mifugo, na hatukuwahi kuachana. Nikifika kwake lazima anichokoze, salamu yetu ya sopa na epa haijaisha.

"Sopa, Mwalimu! Hizo karatasi zilikukosea nini? Kila wiki unazipiga na hazijawahi kukujibu."

"Epa. Zingekujibu wewe ungekimbia."

"Mimi nikimbie? Mimi ni mtu wa fimbo. Fimbo haiishi risasi."

Basi mwaka jana, wakati wa kiangazi, nyati dume mzee alikuja kukaa kwenye korongo lililo karibu na maji yao. Alikuwa peke yake, pembe moja imekatika ncha. Waliitwa watu wa wanyamapori, wakaja mara mbili, wakamfukuza kwa kelele na magari, naye akarudi mara mbili. Wakasema watakuja tena. Watu wa boma wakaamua kuzunguka, wanyweshe ng'ombe kwenye kisima cha mbali mpaka aondoke. Ilikuwa shida lakini walikuwa wanaiweza.

Lemayian hakuniomba nimpige yule nyati. Nataka hilo lijulikane. Hata siku moja hakuniomba.

Nilienda mwenyewe Jumamosi asubuhi, na bunduki nimeifunga kwenye blanketi nyuma ya pikapu. Niliacha gari mbali, nikatembea. Nilijiambia nakwenda kumtazama tu. Lakini mtu anayekwenda kutazama hachukui risasi tano mfukoni.

Nilimkuta amesimama ukingoni mwa korongo, nusu ya mwili nyuma ya kichaka, kama hatua mia na hamsini. Mwanafunzi wangu yeyote angeniuliza, "Mwalimu, nipige?" ningemwambia shusha bunduki, mwanangu, hujaona bega lake lote. Ningemwambia hivyo kwa upole, nikimshika mkono. Mwenyewe sikujiambia. Nilipiga.

Halafu nikausikia.

Jamani, niliusikia! Ule mlio wa pili, kama nilivyoambiwa. Na aibu yangu kubwa ni hii: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha.

Nyati aliinama mbele, akajiinua, akaingia korongoni. Mawe yakaporomoka kidogo, kisha kimya. Nilivuta ule mkono wa chuma, ganda likaruka, nikaweka risasi nyingine. Nikasogea mpaka mdomo wa korongo. Kwenye jani moja palikuwa na damu nyeusinyeusi, nzito. Ndani kulikuwa na miiba tupu, hata hatua tatu mbele sikuziona.

Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimelifundisha. Unasubiri, unaita watu wa wanyamapori, unafunga njia zote, unasema, "Nimejeruhi mnyama, msipite hapa." Ni maneno manne matano tu.

Lakini niliogopa. Niliogopa nyati, nikaogopa pingu, nikaogopa leseni yangu, nikaogopa watu wa Kitengela wakisema Mwalimu amekamatwa kwa ujangili. Nikaokota ganda langu, nikatia mfukoni, nikageuka.

Lemayian alikuwa anakuja anakimbia na fimbo yake.

"Mwalimu! Nimesikia mlio. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimefyatua juu, nimfukuze."

"Hukumpata?"

"Ningempata ungemwona hapa."

"Na yuko wapi?"

Nikainua mkono, nikaonyesha tambarare ya upande wa Namanga, mbali na korongo. "Ameenda zake," nikasema. "Alivyokimbia vile, harudi huyo."

Alicheka. Alinipiga bega, lile lile lililokuwa linauma. "Kumbe hizo karatasi zilikuwa zinakufundisha kitu! Twende unywe chai."

Nikaenda. Nikanywa chai! Nikarudi Kitengela kabla ya saa saba.

Kesho yake, Jumapili, wengine wakiwa kanisani, Lemayian alichukua ng'ombe akapita njia ya korongo. Kwa nini azunguke kisima cha mbali? Mwalimu alisema nyati ameenda.

Mkewe, Mama Naserian, alinipigia simu saa sita. Nilisikia vilio kabla sijasikia maneno. Sijui niliendeshaje gari. Nilimkuta Lemayian amelazwa kwenye turubai, nyati amemvamia korongoni, amepondwa nyonga na paja, macho wazi, hasemi. Tulimweka kwenye pikapu juu ya magodoro, nami nikampeleka hospitali, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nimemshika vidole. Niliwaambia madaktari wachukue damu yangu. Nililala kwenye benchi siku tatu. Na kila nilipofungua mdomo nimwambie, alikuwa amelala, au muuguzi ameingia, au shemeji yake amekuja na uji. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Nafasi zilikuwepo.

Watu wa wanyamapori walimuua nyati jioni ile ile ya Jumapili. Mmoja wao alipokuja hospitali kuandika maelezo akasema mnyama alikuwa na jeraha la jana yake, risasi imepita upande hadi upande. "Majangili," akasema. Watu wote wakatikisa kichwa, wakawalaani majangili. Na mimi nilikuwepo. Nilitikisa kichwa pamoja nao. Lemayian, aliyejua nimefyatua, aliamini nilipiga juu.

Lemayian hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini hatatembea nyuma ya ng'ombe tena. Anatumia magongo mawili, na kutoka mlangoni hadi zizini ni safari. Wewe uliyezaliwa mjini labda huoni uzito wake. Mwondolee mwalimu sauti, umwondolee fundi mikono, ndipo utaelewa.

Sasa sikiliza jambo lililonimaliza.

Miezi minne baadaye waliniita nyumbani kwao. Nikakuta wazee, majirani, mchungaji wa kanisa, sufuria za wali na nyama. Lemayian akasimama kwenye magongo, akasema bila mimi angekuwa kaburini, kisha akanipa mtamba mwekundu, mzuri kuliko wote zizini. Na kwetu mtu akikupa ng'ombe, mnaweka majina kando. Kuanzia siku hiyo mnaitana Pakiteng, mpaka mmoja wenu azikwe. Ni jina la heshima. Ng'ombe wa namna hiyo harudishwi, maana kumrudisha ni kumwambia aliyekupa kwamba undugu wenu umekufa.

Nilisema, "Sistahili."

Wazee wakacheka. "Mwoneni! Hata kushukuriwa anaona haya."

"Pokea, Pakiteng," Lemayian akasema.

Nikapokea. Ningefanya nini? Najua ningefanya nini. Sikufanya.

Tangu hapo jina hilo likawa msumari. Anapiga simu asubuhi: "Pakiteng, umeamkaje?" Mvua ikinyesha: "Pakiteng, huku kumelowa, na huko?" Mtamba akazaa, maziwa yakajaa nyumbani, nami siwezi kuyapitisha kooni. Mke wangu akaniuliza, "Maziwa ya Pakiteng unayakataa kwa nini?" Nikamwambia tumbo. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa haraka kuliko ng'ombe.

Niliacha kufundisha. Siku moja nilikuwa nawaonyesha wanafunzi ule mlio wa pili, nikainua kiganja juu ya meza, kikabaki hewani. Sikuweza kukishusha. Wakadhani naumwa. Nikaipeleka bunduki polisi, nikasema siitaki tena. Askari kijana aliyekuwa zamu akaniuliza kwa utani, "Mzee, macho yamechoka?" Nikasema ndiyo. Hata pale, mlango ukiwa wazi mbele yangu, nikasema ndiyo, macho!

Mwezi uliopita nilienda kumwambia. Sikuwa jasiri. Nilikuwa tu nimeshindwa kubeba.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji, anahesabu ng'ombe kwa macho wakirudi. Akafurahi kuniona. Nikakaa chini, kwenye udongo, nikamwambia yote, kuanzia blanketi la pikapu hadi ganda mfukoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Ulisikia ikimpata?"

"Nilisikia."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Ng'ombe wakapita wote. Nilimwambia niko tayari kwenda kwa wazee, niko tayari kwenda polisi, aseme yeye tu. Akachukua magongo yake, akaanza kuinuka. Inamchukua muda kuinuka. Nikaruka nimshike kiwiko kama siku zote, naye akainua kidole kimoja, hivi, bila kunitazama. Nikabaki na mikono mbele.

Kutoka pale hadi mlangoni ni kama hatua ishirini. Nilisimama nikimtazama akizimaliza zote. Gongo la kushoto liliteleza mara moja. Woi! Sikuthubutu kusogea.

Wiki iliyofuata nilirudi. Mama Naserian alinikuta kwenye mlango wa boma. Hakunikaribisha, wala hakunitukana.

"Amesema ng'ombe akae kwako. Usimlete," akaniambia.

"Na mambo ya wazee? Na polisi?"

"Hayo hakuniambia. Amesema tu usimwite tena lile jina. Akikuhitaji atakutafuta."

Ni wiki ya tano sasa. Simu yangu inalia, wala si yeye. Kwenda polisi bila neno lake naogopa nitakuwa nimeamua tena peke yangu jambo la maisha yake. Kukaa kimya ni kurudia ule ule uongo wa kwanza. Kumrudisha ng'ombe amekataa. Nimekaa tu. Kila upande ninaogeuka nimekwisha kuuharibu.

Basi wewe unayesoma, uwe na bunduki au usiwe nayo, nakuomba kama ningekuwa nimekushika bega. Kosa la kwanza linaweza kumpata mtu yeyote. Mkono unateleza, tamaa inakuja, mwanadamu ni mwanadamu. Sitakucheka. Lakini ukijua umeacha kitu kilichojeruhiwa kwenye njia ya watu, sema saa ile ile. Sema ukitetemeka, sema ukilia, sema hata kama pingu ziko mezani. Usingoje kesho ukitafuta maneno mazuri, maana asubuhi kuna mtu atafungua zizi, atachukua fimbo yake, na ataifuata njia uliyomwambia ni salama.